Tusimwite Mkaidi Mgonjwa wa Sukari Kabla ya Kumuuliza

Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Mimi ambaye kazi yangu ni kuyachunguza maneno nimeshuhudia neno moja likimuumiza mgonjwa karibu sawa na maradhi yenyewe. Neno hilo ni "mkaidi".

Shangazi yangu, aliyechuma majani chai kwa miaka mingi mpakani mwa Kericho na Bomet, anaugua ugonjwa wa sukari na hujidunga insulini kila siku. Kwa miezi kadhaa kipimo chake kabla ya kula hakikushuka chini ya 15, ilhali kinachotarajiwa kwa watu wazima wengi ni takriban 4 hadi 7. Kila alipokwenda kupimwa alikemewa: "Punguza sukari, mama, usiwe mkaidi!" Naye alikuwa ameiacha sukari zamani, akinywa chai isiyo na utamu hata arusini.

Hapa ndipo lugha inapotupotosha. Jina "ugonjwa wa sukari" limetuaminisha kwamba adui yumo koponi tu. Kumbe kimyet, viazi, wali na ndizi navyo hugeuka sukari mwilini. Fauka ya hayo, homa au kidonda kilichooza huweza kuipandisha sukari hata kwa mtu asiyeonja chochote.

Siku moja muuguzi kijana aliacha kukemea, akauliza. Hujidunga wapi? Shangazi akaonyesha upande mmoja wa tumbo, uliokuwa umefanya vinundu. Na dawa inayodungwa penye vinundu haifyonzwi ipasavyo. Chupa huihifadhi wapi? Rafuni, juu ya meko. Je, kuna siku unazopunguza dawa? Akainamisha kichwa. Naam, siku za kazi nyingi shambani, kwa kuogopa sukari isije ikashuka akaanguka peke yake.

Majibu hayo matatu yalitoboa siri yote. Insulini huharibiwa na joto, na pia hufa ikigandishwa. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hutumika kwa takriban wiki nne ikiwa mbali na moto na jua. Asiye na jokofu aweza kuiweka katika chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji, bila kuilowesha. Mahali pa kudunga pabadilishwe kila mara. Hata hivyo, anayehama kutoka penye vinundu amwarifu daktari kwanza, kwa kuwa kipimo kile kile huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Vivyo hivyo, mtu asijiongezee wala kujipunguzia dawa kwa kukisia. Na akianza kutapika, kupumua kwa kina na kuishiwa nguvu huku sukari ikiwa juu, apelekwe hospitalini papo hapo.

Historia yenyewe yatufunza. Mnamo Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini kwa mara ya kwanza. Sindano ile haikufaa kitu. Wataalamu hawakumlaumu kijana. Waliikagua dawa, James Collip akaisafisha zaidi, na baada ya siku 12 akadungwa tena. Sukari ikashuka.

Basi nawasihi wauguzi wetu, kuanzia Kapkatet hadi Longisa: sukari inapokataa kushuka, ulizeni kabla ya kuhukumu. Mgonjwa aliyeitwa mkaidi hujifunza kudanganya, na anayedanganya huongezewa dawa asiyoihitaji. Nanyi wagonjwa, msione haya kusema kweli, kwani mficha maradhi kifo humwumbua.

Kipimo cha shangazi sasa huwa kati ya 7 na 9. Bado ana safari. Lakini siku hizi huenda kliniki bila kuburutwa.