Kompyuta Iliyoamriwa Kutambaa

Kompyuta mpakato imefikishwa kwa fundi. Mwenyewe analalamika kuwa akifungua barua moja tu, chai inapoa. Ameshafuta picha, ameshaondoa virusi, na Windows imepigwa upya mara mbili, kila mara kwa pesa yake. Fundi anabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, anafungua ukurasa wa prosesa. Kasi ya msingi: gigahezi 2.4. Kasi ya sasa: 0.79. Anafungua programu tatu nzito ili aipe kazi. Namba haisogei.

Ugonjwa uko hapo, na hata Windows ikipigwa mara kumi hautapona.

Prosesa za leo hazikimbii muda wote. Zikikosa kazi hupunguza kasi na volti. Kazi ikija, hupanda tena kabla mtu hajapepesa macho. Faida kubwa iko kwenye volti, kwa kuwa umeme unaoliwa hupungua kwa kipeo chake cha pili. Volti ikishuka kutoka 1.2 hadi 0.9, na kasi ikakatwa nusu, umeme wa kufanyia kazi hubaki asilimia 28 hivi. Mfumo endeshi na mashine huelewana juu ya mambo haya kupitia kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Shida huja pale amri ya kupunguza inapotolewa, kisha ile ya kupandisha isifike.

Mara nyingine aliyetoa amri ni mwenye kompyuta. Mipangilio ya umeme ya Windows ina kikomo cha juu cha prosesa kinachohesabiwa kwa asilimia, na mtu hukishusha siku betri inapomwishia, kisha akasahau. Hata kukiweka 99 badala ya 100 huizuia prosesa kuvuka kasi yake ya msingi. Anayeshuku aandike powercfg /energy: kompyuta itajichunguza kwa sekunde 60 na kuandika ripoti.

Kwenye Linux, faili la kutazama ni scaling_governor. Wengi wakikuta humo neno powersave hushtuka na kulibadilisha, na hapo hukosea. Chini ya kiendeshi cha zamani, acpi-cpufreq, neno hilo huifunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Chini ya intel_pstate, kilichoingia Linux mwaka 2013, kasi kwa kawaida hupanda kazi ikija. Lisomwe kwanza faili la scaling_driver.

Joto nalo hupunguza kasi. Vumbi likijaa kwenye feni, au pesti iliyo chini ya hitsinki ikikauka, prosesa nyingi hujizuia zinapokaribia nyuzi 100. Lakini mashine ya namna hiyo huanza vizuri asubuhi, ikachoka baada ya dakika kadhaa. Hii ya fundi imekwama tangu kuwashwa, ikiwa bado baridi.

Ndiyo maana anaigeukia chaja. Baadhi ya kompyuta mpakato huitambua chaja kwa pini nyembamba iliyo katikati ya ncha ya waya. Pini isiposomeka, mashine haijui chaja ina wati ngapi, hivyo inaiamuru prosesa itambae isije ikavuta umeme usiokuwepo. Amri hiyo hutoka chini ya mfumo endeshi, mahali ambapo Windows haina kauli.

Fundi anachomeka chaja nyingine. Namba inaruka hadi 2.9. Anaiinua ile ya zamani kwenye mwanga: pini imepinda, imelalia ukuta wa ncha.