Umesahau nywila ya tableti? Usikimbilie kufuta

Umewahi kubadilisha nywila Ijumaa, kufika Jumatatu imetoka kichwani kabisa? Mimi yamenikuta. Nilijaribu tarehe ya kuzaliwa, jina la paka, hadi nauli ya Langas. Wapi! Kila ukikosea, tableti inakuongezea muda wa kusubiri.

Nikampelekea fundi mmoja hapa Eldoret mjini. "Leta nifute, dakika kumi imefunguka." Nusura nikubali. Lakini ndani mlikuwa na sauti ya marehemu nyanya akinisimulia ujana wake, na sikuwa nimeihifadhi kwingine.

Sikiza basi. Kufuta hufungua tableti, hakurudishi vitu. Tableti za Android za siku hizi hufunga data kwa nywila yako, ukishafuta, imeenda. Tena tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, nyingi zikifutwa kwa vitufe huitisha akaunti ya Google iliyokuwemo. Huijui? Umebaki na kioo cha kujitazamia.

Kwa hivyo anza na akaunti. Shika simu, ingia Google. Ukikwama, irejeshe kwa namba yako ya simu. Angalia Google Photos na Drive uone kilichohifadhiwa. Ukishajua unachopoteza, ndipo ufute.

Mimi nilikumbuka siku ya tatu, nikiwa ndani ya matatu: kijiji cha nyanya na mwaka aliotuacha. Usiku huo huo nikahamisha sauti yake. Wewe je, yako iko wapi?