Matumizi Salama ya Dawa za Kuongeza Mkojo

Katika kliniki za shinikizo la damu na za magonjwa ya moyo kuna kundi la dawa ambalo wagonjwa hulitambua kwa kazi yake kuliko kwa jina lake. Hizi ni dawa za kuongeza mkojo, ambazo wengine huziita dawa za kukojosha. Ni dawa za miaka mingi, bei yake ni nafuu, na hupatikana hata katika vituo vidogo vya afya. Kwa sababu hiyo watu wengi huzihesabu kuwa dawa nyepesi, ambazo mtu anaweza kuziruka leo na kuzimeza kesho bila madhara. Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo. Mifano yake imetolewa katika mazingira ya Mbalizi na maeneo jirani ya Mbeya, mahali ambapo biashara, kilimo na safari hugusa moja kwa moja matumizi ya dawa hizi.

Dawa hizi hufanya kazi gani?

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu kila siku. Zaidi ya asilimia 99 ya majimaji hayo hurudishwa mwilini pamoja na chumvi, na kinachobaki, yaani lita moja hadi mbili hivi, hutoka kama mkojo. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza kiasi cha chumvi kinachorudishwa. Maji huifuata chumvi. Chumvi ikitoka, maji nayo hutoka. Kwa kuwa kinachochujwa ni kingi mno, badiliko dogo tu katika kinachorudishwa huongeza mkojo kwa kiasi kikubwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya dawa hizi, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake.

Yapo makundi matatu ambayo mgonjwa anaweza kukutana nayo. La kwanza ni la dawa kama bendrofluazaidi na haidroklorothiazaidi, ambazo hutumika zaidi kutibu shinikizo la juu la damu. Nguvu yake ya kutoa maji ni ya wastani. La pili ni la furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Lasix. Hii ina nguvu zaidi, na hutolewa pale maji yanapojikusanya mwilini kwa sababu ya moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, au kwa ugonjwa wa figo au ini. La tatu ni la spironolaktoni, ambayo hutoa chumvi na maji lakini huyabakiza mwilini madini ya potasiamu. Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana, na tutairudia.

Umuhimu wa dawa hizi hauna shaka. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba shinikizo la juu la damu ndilo lililoongoza miongoni mwa sababu za moyo kushindwa kufanya kazi kwa wagonjwa waliochunguzwa. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, kidonge cha furosemaidi ndicho kinachomwezesha kulala bila kukabwa na pumzi.

Saa ya kumeza, siku ya soko na siku ya safari

Sababu ya kawaida ya kuruka dozi si usahaulifu. Mara nyingi ni choo. Tumfikirie mama anayeuza viazi katika soko la Mbalizi, au dereva anayepita hapo katika barabara kuu iendayo Tunduma. Wote wawili wanajua kwamba wakimeza kidonge asubuhi watahitaji choo mara kadhaa kabla ya adhuhuri. Mama hana wa kumwachia meza yake. Dereva hawezi kusimama kila mara. Basi kidonge hubaki mfukoni siku ya kwanza, siku ya pili na siku ya tatu. Baada ya hapo miguu huanza kuvimba, na usiku pumzi hubana.

Mgonjwa wa namna hii hasaidiwi kwa kukemewa. Husaidiwa kwa kupangiwa saa. Furosemaidi ya kumeza huanza kufanya kazi ndani ya saa moja, hufikia kilele baada ya saa moja au mbili, na nguvu yake hupungua baada ya saa sita hadi nane. Anayeimeza alfajiri, kabla ya kwenda kazini, huenda akamaliza sehemu kubwa ya safari za chooni akiwa bado nyumbani. Aliyeandikiwa mara mbili kwa siku kwa kawaida humeza ya pili kabla ya saa nane au saa tisa mchana, ili usiku alale. Kumeza jioni humfanya aamke mara nyingi gizani, na kwa mzee jambo hilo linaweza kuleta kuanguka na kuvunjika nyonga.

Siku ya safari ndefu, kwa mfano ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, mgonjwa azungumze na mhudumu wake mapema. Mara nyingi dozi ya furosemaidi inaweza kusogezwa mbele au nyuma kwa saa chache siku hiyo, badala ya kuachwa kabisa. Aliyesahau na kukumbuka kabla ya alasiri anaweza kumeza. Aliyekumbuka usiku asubiri ratiba ya kesho. Katika hali yoyote ile, asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia iliyopita.

Siku ambazo mwili unapoteza maji kwa njia nyingine

Dozi huandikwa kwa kutazama hali ya mgonjwa siku ile aliyoonwa. Lakini maisha hayabaki kama siku ile. Mkazi wa Mbalizi aliyezoea baridi ya nyanda za juu akishuka Kyela wakati wa joto hutoka jasho jingi. Akiharisha au kutapika, hupoteza maji na chumvi kwa kasi. Akiendelea kumeza kidonge kana kwamba hakuna kilichobadilika, damu hupungukiwa maji, shinikizo hushuka, na figo zinaweza kuumia.

Kwa hiyo mgonjwa anayetapika au kuharisha, au aliyeshindwa kula na kunywa kwa sababu ya homa, awasiliane na kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mara nyingi huagizwa asimamishe dawa kwa muda, kisha airejee baada ya kula na kunywa kama kawaida kwa saa 24 hadi 48. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo hatakiwi kujiamulia peke yake, kwani akikaa bila dawa muda mrefu maji hurudi kwenye mapafu. Njia bora ni kukubaliana na daktari kabla ya kuugua: "Nikiharisha, nifanye nini?" Jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Chumvi, ndizi na parachichi

Anayemeza dawa hizi huku akila chumvi nyingi ni kama anayechota maji mtumbwini huku tundu liko wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ile ya mezani na ile iliyomo ndani ya chakula. Chumvi hujificha katika samaki waliokaushwa kwa chumvi na katika viungo vya mchuzi vya pakiti. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi nayo yana sodiamu, madini yale yale yaliyomo katika chumvi.

Kuhusu potasiamu, ushauri wa jirani unaweza kudhuru. Furosemaidi na dawa za kundi la kwanza huondoa potasiamu mwilini. Ikipungua sana, misuli hulegea au kukaza, na moyo hupiga bila mpangilio. Mgonjwa huyo huenda akashauriwa kula zaidi ndizi, maharage, viazi na maparachichi, vyakula ambavyo wilaya za Rungwe na Mbeya zimejaliwa kwa wingi. Lakini anayetumia spironolaktoni yuko katika hali tofauti kabisa, hasa kama figo zake ni dhaifu au anatumia pia dawa kama enalapri, kaptopri au losatani. Kwake potasiamu inaweza kuzidi, na ikizidi sana inaweza kuusimamisha moyo bila dalili ya awali. Chakula kile kile kinachomfaa mmoja kinaweza kuwa hatari kwa mwenzake. Kwa sababu hiyo mgonjwa ajue jina la dawa yake, wala asitosheke na rangi ya kidonge.

Dawa nyingine zinazogongana nazo

Mkulima mwenye maumivu ya mgongo hupata diklofenaki au ibuprofeni kwa urahisi katika duka la dawa muhimu. Dawa hizo hubakiza chumvi na maji mwilini, hupunguza nguvu ya dawa ya kuongeza mkojo, na zikitumika pamoja nayo zinaweza kuumiza figo. Hatari huwa kubwa zaidi pale mgonjwa anapotumia pia enalapri au losatani. Kabla ya kununua dawa yoyote ya maumivu, aseme wazi: "Ninatumia dawa ya kuongeza mkojo." Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi huwa salama zaidi kwa wagonjwa wengi.

Pombe, iwe ya chupa, komoni au ulanzi, huongeza kizunguzungu na upungufu wa maji. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kliniki bila kuona haya, kwa kuwa baadhi yake huongeza mkojo pia.

Wenye kisukari wajue kwamba dawa za kundi la kwanza zinaweza kupandisha sukari. Wenye ugonjwa wa jongo waseme mapema, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuamsha maumivu makali ya kiungo, hasa cha kidole gumba cha mguu. Aidha, mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa tahadhari kwamba matumizi ya muda mrefu ya haidroklorothiazaidi yanahusishwa na ongezeko la baadhi ya saratani za ngozi. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao huathiriwa sana na jua, wamwombe daktari atafakari dawa mbadala.

Jinsi ya kujipima nyumbani

Kipimo bora ni uzito. Mwenye mizani ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa amevaa nguo za uzito ule ule, kisha aandike. Ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu mara nyingi huwa ni maji, si unene, na linahitaji ushauri wa haraka. Asiye na mizani atazame viatu vinavyobana, alama inayobaki akibonyeza mguu kwa kidole, na idadi ya mito anayohitaji ili alale bila kukosa pumzi.

Kwa upande wa pili, kizunguzungu anaposimama, kiu kikali, mkojo mchache wenye rangi nzito, kukaza kwa misuli na uchovu usio wa kawaida ni ishara kwamba huenda maji au madini yamepungua kupita kiasi. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na aende kituoni siku hiyo. Kuzimia, kuchanganyikiwa, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kukosa pumzi akiwa amelala ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja, iwe mchana au usiku.

Neno kwa wahudumu wa afya

Si kila mguu uliovimba unahitaji furosemaidi. Amlodipini peke yake huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na kuongeza dawa ya mkojo hakuondoi chanzo. Mjamzito aliyevimba apimwe shinikizo la damu na protini katika mkojo kwa kuhofia kifafa cha mimba, asipewe kidonge cha kumpunguzia maji. Furosemaidi ikitolewa pamoja na sindano ya jentamisini, hatari ya kuharibika kwa usikivu huongezeka. Kwa anayetumia digoksini, upungufu wa potasiamu huifanya dawa hiyo iwe sumu kwa moyo.

Sodiamu, potasiamu na kriatinini zipimwe kabla ya kuanza dawa, wiki moja hadi mbili baadaye, na kila dozi inapobadilishwa. Kituo kisicho na kipimo kimpe mgonjwa rufaa, na kieleze sababu kwenye karatasi ya rufaa ili asionekane amekwenda kupoteza muda.

Hatimaye, kila mgonjwa aulizwe maswali haya kwa upole: Unameza saa ngapi? Ni siku zipi huwa huimezi, na kwa nini? Unatumia dawa gani nyingine? Choo kiko karibu na unapofanyia kazi? Swali la mwisho huenda likaonekana dogo, lakini jibu lake mara nyingi ndilo litakaloeleza kwa nini dawa nzuri imeshindwa kufanya kazi, na ndilo litakalompa mhudumu nafasi ya kupanga saa ambayo mgonjwa anaweza kuifuata.