KIMBUNGA KIKIJA, SAFARI IVUNJWE AU ISIVUNJWE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Msemo huu tumeutia katika insha zetu tangu shule ya msingi hata umechakaa. Mimi nilikuwa nikiuandika ili nipate alama tu. Nilikuja kuujua maana yake mwaka wa 2024, nikiwa Kidato cha Kwanza, wakati familia yetu ilipokuwa imefunga mabegi kwenda arusini nacho kimbunga kikawa kinakuja.

Katika makala haya nataka nieleze kimbunga ni kitu gani, kwa nini ni vigumu kujua kitapita wapi, na jinsi mtu anavyoweza kuamua kuhusu safari yake. Nitaanza na kisa chenyewe.

MABEGI YALIKUWA TAYARI

Mtakumbuka kuwa mwaka huo mvua za masika zilipita kiasi. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, lakini Wizara ya Elimu ikasongeza mbele hadi tarehe 6 Mei. Wengine walinung'unika. Kwetu sisi ilikuwa furaha, kwani mtoto wa khalati yangu alikuwa anaolewa kisiwani Pemba Jumamosi tarehe 4 Mei, na sasa mimi na mdogo wangu tungeweza kwenda bila kukosa masomo.

Mpango ulikuwa hivi: Ijumaa alfajiri tushuke Shimoni tupande boti, Jumamosi tule pilau, Jumapili turudi, Jumatatu nivae sare. Mama alikuwa amemlipa nahodha arubuni ya shilingi elfu tatu. Zawadi ya bi arusi, seti ya sufuria, ilikuwa imefungwa kwa karatasi nyekundu na kuwekwa juu ya kabati.

Jioni ya Alhamisi redio ikatangaza habari za kimbunga kilichokuwa baharini mashariki mwa Tanzania, jina lake Hidaya. Mdogo wangu alicheka. "Hidaya si ni zawadi? Basi na sisi twapelekewa zawadi!" Hakuna mwingine aliyecheka.

Mama alimpigia nahodha simu. Nahodha akasema bahari ya Shimoni imetulia kama maji ya bakuli, na boti moja ilikuwa imeondoka asubuhi ile ikafika salama. Baba naye akasema, "Hawa ni ndugu zako, amua wewe. Lakini mimi sikubali watoto wawe majini siku ambayo redio yasema hivyo." Khalati alipopigiwa akajibu kwa ukali kidogo: "Huku hata jani halitikisiki. Mkiogopa jina, semeni."

Ikawa kila mmoja amesema lake na hakuna aliyesema uongo. Bahari ilikuwa imetulia kweli. Jani halikutikisika kweli. Hata redio nayo ilisema kweli. Mtu ataamuaje hapo?

KIMBUNGA NI NINI HASA?

Kimbunga cha aina hii huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kwa kawaida joto la nyuzi 26 na zaidi za Selsiasi. Mvuke hupanda juu, na unapogeuka kuwa mawingu na mvua hutoa joto. Joto hilo huzidi kupandisha hewa, na chini pakabaki kama pengo linalovuta upepo kutoka kila upande. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo huo hauji moja kwa moja bali hujipinda. Upande wa kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa, na upande wa kaskazini huzunguka kinyume chake. Katikati huwa na jicho, mahali palipotulia ilhali pembeni mwake kuna upepo mkali kuliko kwingine kote.

Huko Atlantiki watu hukiita harikeni, Asia ya Mashariki wanakiita taifuni, nasi wa Bahari ya Hindi twasema saikloni au kimbunga. Ni watoto wa baba mmoja. Harikeni huhesabiwa kuwa harikeni upepo wake unapofika kasi ya kilomita 119 kwa saa. Jambo la kukumbuka ni kwamba upepo si adui peke yake. Maji huua pia: mawimbi, bahari inayoinuka na kupanda nchi kavu, na mvua inayofurisha mito. Kimbunga Idai kilichopiga Beira, Msumbiji, mwezi wa Machi 2019 kiligeuza mashamba kuwa kama ziwa.

Mbona basi sisi Wakenya hatukuzoea mambo haya? Sababu ni ikweta. Ile nguvu ya kuupinda upepo ni hafifu sana karibu na ikweta, kwa hivyo vimbunga vingi huhitaji kuwa umbali wa digrii tano au zaidi kutoka kwenye mstari huo. Mombasa ipo kama digrii nne kusini. Pemba ipo kama digrii tano. Tuko mlangoni, tena mlango ambao vimbunga haviubishi mara nyingi.

Hata hivyo, si kwamba havijawahi kabisa. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja wakati wa Sultani Barghash, ikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Pemba, ambayo ni jirani tu, mikarafuu yake mingi ilisalimika, na baadaye Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Fikiri habari hiyo ya 1872, msomaji. Visiwa viwili vinavyotazamana, kimoja kimeangamia, kingine kimesalimika. Aliyekuwa Pemba siku hiyo angeweza kusema wa Unguja wanatia chumvi.

KWA NINI WATABIRI HAWATAJI MAHALI PAMOJA?

Watu wengi hudhani watabiri wa hali ya hewa wanababaisha. Mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza kwa mfano wa tochi. Ukiwasha tochi usiku, karibu na mkono wako mwanga ni mwembamba, lakini kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopanuka. Utabiri wa njia ya kimbunga ni vivyo hivyo. Mahali kitakapokuwa kesho panajulikana kwa karibu. Mahali kitakapokuwa baada ya siku tatu au nne ni eneo pana. Kimbunga husukumwa na pepo nyingine kubwa zilizo juu, na hizo zikibadilika kidogo, nacho hubadili njia.

Aidha, eneo hilo pana laonyesha tu mahali ambapo kitovu cha kimbunga chaweza kupita. Mvua na mawimbi hutoka nje ya eneo hilo, mbali sana. Kwa hivyo mtu asiseme, "Kisiwa chetu hakimo kwenye ramani, tuko salama."

Upande wetu wa Bahari ya Hindi, vimbunga hufuatiliwa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion, na idara za nchi zetu huwatangazia wananchi. Majina huchangwa na nchi za eneo hili, Kenya na Tanzania zikiwemo, nayo hufuata alfabeti kila msimu. Hidaya ilianza na H kwa sababu kilikuwa cha nane msimu huo.

MASWALI MANNE KABLA YA KUAMUA

Usiku ule Mama hakuwa na mafunzo haya. Lakini nikikumbuka aliyoyafanya, naona aliuliza maswali manne, nami nayaandika hapa ili yakufae wewe pia.

Kwanza, habari hii yatoka kwa nani, na ni ya saa ngapi? Katika simu kulikuwa na video ya mawimbi yakibeba magari, kumbe ni ya nchi nyingine na ya miaka mingine. Mama aliifuta. Alisikiliza taarifa ya idara, akangoja ya usiku, akalinganisha. Habari ya asubuhi huwa imechacha jioni.

Pili, je, kuna mlango wa kutokea? Wengi hufikiria kwenda tu. Kwenda Ijumaa huenda kungewezekana. Lakini kurudi je? Kisiwa hakina barabara ya pili. Boti zikizuiwa, umekwama, nao wenyeji wako waliokuwa wakijiandaa wenyewe watalazimika kukugawia maji na chakula chao. Anayesafiri kwa barabara naye ajiulize ni daraja gani likikatika ndiyo basi.

Tatu, nikikosea, nitapoteza nini, na je, chaweza kurudi? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukibaki nacho kimbunga kikapita mbali, umepoteza nauli, umekosa sherehe, umeudhi watu. Ukienda nacho kikafika, waweza kupoteza kitu kisichonunuliwa tena. Makosa hayo mawili si sawa, hata kama la kwanza ndilo lina uwezekano mkubwa wa kutokea. Ndiyo maana huhitaji kuwa na hakika kwamba kimbunga kitapiga ndipo uvunje safari.

Nne, mwisho wa kuamua ni lini? Mama alisema, "Taarifa ya saa tatu usiku ikisema vilevile, hatuendi, na mtu asinibembeleze." Hili lilitusaidia sana. Bila kuweka saa, watu huendelea kusema tungoje tuone, hata wakajikuta wako bandarini na mizigo, na hapo aibu ya kurudi nyumbani huwa nzito kuliko hofu ya bahari.

Saa tatu ikafika. Taarifa ilikuwa ile ile. Mama aliteremsha ile seti ya sufuria kutoka juu ya kabati akaisukuma chini ya kitanda, akaenda chumbani kwake. Nilimsikia akilia.

YALIYOFUATA

Ijumaa tarehe 3 Mei Rais alihutubia taifa akataja kimbunga Hidaya, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa tena. Tulifungua tarehe 13 Mei. Jumamosi, siku ya arusi, vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia siku hiyo hiyo kikiwa kimepungua nguvu, na baadaye Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ikatangaza kuwa kimekwisha nguvu.

Pemba iko kama kilomita 300 kaskazini mwa Mafia. Arusi iliendelea. Kulikuwa na mvua na upepo, wakahamisha wageni ndani, pilau likaliwa. Khalati alipiga simu Jumapili: "Haya, kimbunga chenu kiko wapi?" Kisha akakata.

Nikiri ukweli, mimi mwenyewe nilikasirika. Niliona Mama ametunyima arusi kwa jambo lisilotokea. Shuleni wenzangu walinitania kwa jina la Hidaya muhula mzima. Baadaye tu ndipo nilipopata habari za kusini, kwamba mvua ile ilifurika Mafia, Kilwa na Lindi, ikaharibu nyumba na mashamba, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Kimbunga kilikuwapo, ila hakikuwa kwetu. Na majirani waliovuka Alhamisi walifika salama na kula pilau, lakini walikaa siku tano zaidi wakingoja bahari iwaruhusu kurudi, fedha zimewaishia.

Mwezi huo huo kimbunga kingine, Ialy, kilikuja kikapita mbele ya pwani yetu kuelekea ikweta. Hakikutua, lakini upepo wake ulisikika. Basi ule mlango niliosema hauna wageni ulibishwa mara mbili katika mwezi mmoja.

Uamuzi haupimwi kwa lililotokea baadaye. Hupimwa kwa yale uliyoyajua saa ile ya kuamua. Mtu akivuka barabara bila kutazama na asigongwe, hatusemi alifanya vyema. Vilevile, aliyevunja safari kimbunga kisije, tusimcheke.

Lakini nisikudanganye kwamba tahadhari ni ya bure. Likizo ya Disemba tulivuka kwenda Pemba, bahari shwari, sufuria zetu mkononi katika karatasi ile ile nyekundu. Khalati alizipokea, akatuandalia chai na mikate ya mofa. Kisha akaleta albamu ya picha za arusi, akawa anaifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya Mama. Ndugu wote wamo isipokuwa sisi. Mama alizitazama zote mpaka mwisho, hakujitetea. Hiyo ndiyo bei ya kubaki, nasi tuliilipa. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni akila mkate, mzima wa afya.

Msomaji mwenzangu, kama siku moja utafunga begi lako nacho kimbunga kikatangazwa, uliza maswali yale manne, weka saa yako ya mwisho, kisha usirudi nyuma. Wazee wa pwani husema bahari haishi zingo. Safari nyingine ipo.