Jeraha lililojificha ndani ya bawa

Ndege za abiria za siku hizi si za metali tupu kama zile za zamani. Airbus A220-300, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Desemba 2018, ina mabawa ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa resini, yanayotengenezwa Belfast.

Kaboni ni nyepesi na haishiki kutu. Tatizo ni namna inavyoumia. Aluminiamu ikigongwa hubonyea, na fundi huona. Bawa la kaboni likigongwa na kunguru, mvua ya mawe au spana iliyomponyoka mtu, linaweza kubaki laini kwa nje huku matabaka ya ndani yameachana.

Hapo ndipo hewa inapoingia katika hesabu. Angani bawa hupinda juu na chini, na pia hujisokota, kila mwendo kwa mdundo wake. Matabaka yakiachana, bawa linaweza kulegea, na mdundo wa kujisokota ukashuka kuukaribia ule wa kupinda. Midundo hiyo miwili ikikutana, hewa huacha kuutuliza mtikisiko na kuanza kuuchochea. Bawa hupapatika, na linaweza kuvunjika kwa sekunde chache. Kwa hiyo sheria za Marekani na Ulaya hudai ndege isiyo na jeraha isipapatike hata ikipita kwa asilimia 15 mwendo wa juu kabisa iliosanifiwa kuuhimili, na wasanifu hupima pia hali ya sehemu iliyoharibika.

Hofu ya jeraha lililojificha si ya vitabuni. Machi 6, 2005, Airbus A310 ya Air Transat iliruka kutoka Varadero, Cuba, ikapoteza karibu usukani wote wa mkiani, nao ulikuwa wa kaboni. Ilirudi salama. Wachunguzi wa Kanada walieleza kwamba jeraha lilikuwamo ndani tangu kabla ya kuruka, likakua angani, na utaratibu wa ukaguzi wa wakati ule haukutosha kulibaini.

Ili kulibaini jeraha la namna hiyo, fundi hugonga ngozi ya bawa kwa kinyundo kidogo, sikio likiwa karibu: penye uzima hulia kwa ukali, palipoachana hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Majeraha ya ndani zaidi hutafutwa kwa mawimbi ya sauti, kama mashine ya hospitali inavyomtazama mtoto tumboni.

Vifaa hivyo havisaidii kitu fundi asipojua pa kuvipeleka. Kwa hiyo dereva wa gari la mizigo aliyeligusa bawa, hata kama haoni mchubuko, aseme siku hiyohiyo, na mwajiri asimwadhibu kwa kusema.