Sifuri Haijazwi kwa Kubahatisha

Msimu wa korosho ukikaribia, makarani wa vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) vya Masasi na Newala huja na swali lile lile: “Mtaalamu, namba za wakulima zimepoteza sifuri za mbele. Nitazirudishaje kwenye ulizo la kanzidata?” Swali limekaa vibaya. Uliza kwanza nani aliamua kwamba namba ya akaunti ni hesabu. Kilo za kwenye mizani hujumlishwa. Akaunti, simu na namba ya NIDA hazijumlishwi. Hayo ni maandishi.

Dawa inayosifiwa ni amri ya LPAD: jaza sifuri mpaka urefu utimie, basi. Kwenye akaunti ni balaa. Urefu wake hutofautiana benki kwa benki, na sifuri ikishapotea hujui ilikuwa moja, mbili, au haikuwepo kabisa. Hata kwenye simu, ambako urefu unajulikana, LPAD ina lake. Iambie tarakimu 10, kisha ikutane na namba iliyoandikwa kwa kuanza na 255, yenye 12: kanzidata za MySQL na PostgreSQL zote zitakata mbili za mwisho, kimya kimya. Tena ukiivisha safu LPAD ndani ya WHERE, faharasa ya kawaida ya safu hiyo haikusaidii. Kanzidata inapekua mstari kwa mstari, halafu mnalaumu mtandao.

Namba ya NIDA ndiyo kabisa. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka, kwa hiyo mbele hapapotei sifuri. Kinachoharibika ni mkia: Excel ikiichukua kama hesabu hutunza tarakimu 15 tu, tano za mwisho huzigeuza sifuri. Hakuna ulizo litakalozirudisha. Shika kitambulisho, andika upya.

Fanyeni hivi. Safu iwe ya maandishi, VARCHAR, si INT. Kwenye Excel chagueni Text kabla ya kuingiza data, si baada. Kwenye ulizo namba ikae ndani ya alama za kunukuu: '0457'. Mkiziacha, MySQL italeta 457, 0457 na 00457 kana kwamba ni mkulima mmoja. PostgreSQL itakataa, na inafanya vyema. Namba za mfululizo mlizotunga wenyewe zinaweza kubaki hesabu. Sifuri ziongezwe wakati wa kuchapisha tu.

Na orodha ya malipo ambayo sifuri zimeshapotea isiende benki kabla ya kulinganishwa na fomu za usajili za wakulima, jina kwa jina.