Jumamosi ya kipa Roa inavyomhusu kijana wa Shirimatunda

MOSHI. Kwa shabiki wa soka, Jumamosi haina mjadala. Mchana ni Ligi Kuu England, jioni huenda Simba au Yanga ipo dimbani, na mitaani ndondo zinapigwa tangu asubuhi. Shirimatunda, moja ya kata za Manispaa ya Moshi, nayo haina tofauti. Siku ambayo wengi hawapo kazini na wanafunzi hawapo darasani, ndiyo siku ya mpira.

Lakini Mkoa wa Kilimanjaro una jambo lake. Mlimani wengi ni Walutheri na Wakatoliki, ambao siku yao ya ibada ni Jumapili. Ukishuka Upare, ndiko Waadventista Wasabato walikoanzia hapa nchini. Wamisionari Johannes Ehlers na A.C. Enns walifika Giti, Pare Kusini, mwaka 1903. Leo wajukuu na vitukuu vya waumini wa mwanzo wametapakaa hadi Moshi mjini, na mpira wanaupenda kama wengine.

Kwa Msabato, siku takatifu inaanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi jua likizama. Maana yake, nusu fainali ikipangwa Jumamosi saa 10:00 jioni, kijana wa imani hiyo ana njia mbili tu: kucheza au kutocheza. Hakuna cha kuingia kipindi cha pili.

Hapo ndipo shinikizo linapoanza. Kocha anamwambia timu kwanza. Wenzake wanamuona anajifanya mtakatifu. Mfadhili aliyenunua jezi anauliza kama huyu anataka mpira kweli. Nyumbani nako, mzazi anamtazama tu bila kusema neno, na huo ukimya nao ni mzigo.

ROA AKAACHA KILA KITU

Kipa wa Argentina, Carlos Roa, aliupitia mtihani huu katika ngazi ya juu kabisa. Juni 30, 1998, pale Saint-Etienne, Ufaransa, Argentina na England zilitoka sare ya 2-2 kwenye Kombe la Dunia. Ndiyo ile mechi ya kadi nyekundu ya David Beckham na bao la Michael Owen. Kwenye penalti, Roa alipangua ya Paul Ince, akapangua na ya David Batty. Argentina ikasonga mbele kwa 4-3.

Msimu uliofuata ulikuwa moto zaidi. Mallorca, chini ya Hector Cuper, kocha aliyekuja kuipeleka Misri fainali ya Afcon 2017, ilimaliza ya tatu La Liga. Ilifika pia fainali ya Kombe la Washindi Ulaya na kufungwa 2-1 na Lazio, Mei 19, 1999. Roa akabeba Tuzo ya Zamora, inayokwenda kwa kipa mwenye wastani mdogo wa mabao ya kufungwa Hispania. Manchester United ikahusishwa naye.

Kisha akaondoka. Hakuwa majeruhi wala hakuwa amechuja. Alikuwa na miaka 29, umri ambao kipa ndiyo kwanza anakomaa. Roa, Msabato, alirudi Argentina kuishi na familia yake na kuitumikia imani yake.

Mwaka 2000 akarejea Mallorca, safari hii akiwa na msimamo unaojulikana: Jumamosi hachezi. Gharama aliiona. Hakurudi kuwa tegemeo kama zamani, na Kombe la Dunia 2002 hakuwemo kikosini.

Wapo wanaomnukuu Roa kana kwamba alizaliwa na msimamo huo. Si kweli. Robo fainali ya 1998, Argentina ilipofungwa 2-1 na Uholanzi kwa bao la Dennis Bergkamp dakika ya mwisho, ilikuwa Julai 4, siku ya Jumamosi, na Roa alikuwa langoni. Msimamo wake ulikomaa taratibu. Kijana ambaye bado anajiuliza hana haja ya kujiona mnafiki.

JUMAPILI NAYO INA MTIHANI

Hili si la Wasabato peke yao. Kilimanjaro Marathon, mbio zinazojaza Moshi kila mwaka, hukimbiwa Jumapili asubuhi, muda ambao makanisa yapo kwenye ibada.

Mskochi Eric Liddell aliwahi kukutana na hali hiyo kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Mchujo wa mita 100, mbio zake kubwa, ulipangwa Jumapili. Yeye alishaijua ratiba mapema. Akaziacha mita 100, akajifua kwa mita 400, na Julai 11 akatwaa dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia wakati huo. Baadaye akaenda China kuwa mmisionari, na alifia huko kambini mwaka 1945.

Na kwa soka la Bongo, lipo shinikizo lisilosubiri Jumamosi wala Jumapili. Ni lile la 'kamati ya ufundi'. Mwaka 2003 Simba na Yanga zote zilitozwa faini kwa vitendo vya kishirikina kabla ya mechi yao, na hadi leo timu huadhibiwa kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja. Mchezaji anayeambiwa aoge dawa au aruke ukuta, huku moyoni anajua anaamini nini, yupo kwenye mtihani uleule wa Roa. Tofauti ni kwamba wake unafanyika gizani, na timu ikifungwa, lawama ni zake.

SEMA KABLA YA USAJILI

Mifano ya Liddell na ya Roa aliporejea ina somo moja. Msimamo unaotangazwa mapema unaheshimika, hata na wasioukubali. Anayezima simu Jumamosi asubuhi anawaangusha wenzake. Anayemwambia kocha kabla ya kusaini fomu anampa nafasi ya kupanga kikosi, au ya kumuacha. Akiachwa itauma, lakini hakuna atakayedai amedanganywa.

Waandaaji nao wana la kufanya. Aprili 26, 2021, Leicester City na Crystal Palace zilikubaliana kabla ya mechi, na mpira ukasimama kidogo kipindi cha kwanza ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyate wafuturu. Mechi haikuharibika.

Kwa ratiba, hesabu ni rahisi. Mechi ya Jumamosi saa 1:00 usiku haimgusi Msabato, ila ya Ijumaa saa 1:00 usiku inamgusa. Kwa viwanja vya mitaani visivyo na taa, Jumapili alasiri baada ya ibada inaweza kuwafaa wengi wa pande zote mbili.

Hata hivyo, siku itafika ratiba itagoma kubadilika. Fainali itapigwa Jumamosi saa 10:00 jioni, skauti atakuwepo, na kijana wa Shirimatunda atatakiwa kuamua. Hakuna kocha wa kumjibia. Kitu pekee ambacho timu inaweza kumpa ni uhakika kwamba Jumatatu mazoezini jezi yake itakuwa palepale.